Mlango Ukifungwa, Nani Anabaki Gizani?



Leo tufikiri pamoja juu ya ulizo moja gumu. Mtu akipiga vita dhambi, na yule aliyeumizwa na dhambi hiyo akazidi kuumia, je, vita hivyo ni vya haki?

Mfano wa kwanza unatoka mbali, Marekani. Huko kulikuwa na tovuti za intaneti ambamo wanawake walitangaza kuuza mwili. Moja iliyojulikana sana ni Backpage. Humo wafanyabiashara wa watu waliuza hata wasichana wasiotimiza miaka 18. Wazazi walilia, nao walikuwa na haki ya kulia. Lakini tangu 1996 sheria ya nchi ile ililinda mwenye tovuti asihukumiwe kwa maneno yaliyoandikwa na wengine. Tarehe 6 Aprili 2018 serikali ilikamata Backpage. Siku tano baadaye Rais Donald Trump alitia sahihi sheria mpya, iitwayo FOSTA. Mwenye kuendesha tovuti kwa kusudi la kusaidia ukahaba wa wengine anaweza kufungwa miaka 10, na hata 25 kosa likizidi. Katika seneti 97 walikubali, 2 tu walikataa.

Hata mimi ningeinua mkono kukubali. Lakini mti tuutazame kwa matunda. Wenye tovuti waliogopa, wakafunga hata kurasa zisizohusika. Wanawake wazima waliouza mwili walipoteza mahali pa kuulizana habari za mwanaume kabla ya kukutana naye, na kuonyana juu ya wenye kupiga. Wengine walirudi barabarani usiku, au mikononi mwa wanaume wanaowatawala. Tovuti nyingine zilihamia nchi za mbali, ambako polisi wa Marekani wanapata ushahidi kwa shida. Mwezi wa Juni 2021 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ilitoa ripoti: waendesha mashtaka wa serikali walikuwa wametumia kosa lile jipya mara moja tu.

Mtu atasema: Shemasi, unatetea ukahaba? Hapana. Dhambi ni dhambi. Lakini msichana aliyeuzwa si sawa na mwanamke mzima aliyeingia mwenyewe kwa sababu ya njaa ya watoto wake. Sheria iliyowatia katika kapu moja ilimsaidia wa kwanza kidogo, ikamwongezea wa pili hatari.

Sasa turudi kwetu. Mwaka ule ule, tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa hapa Mabalako. Ilidumu mpaka 25 Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200. Magari ya Riposte yalijaa, na kazi zenye mshahara zikaja. Septemba 2021 tume iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti yake: watu 83 walishukiwa kwa unyanyasaji, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Wanawake na wasichana waliahidiwa kazi ili walale na wanaume hao. Hapakuhitajika tovuti. Yalifanyika kwa mdomo, mchana, mbele ya macho yetu.

Wakati ule dada mmoja alikuja kwetu mashemasi akiwa na mimba, akilia. Tulimwondoa katika kwaya. Jina la mwanaume hatukuuliza. Yeye aliondoka na gari lake kwa amani, na sisi tulifikiri tumelinda utakatifu wa nyumba ya Bwana. Tangu siku ile hakuna msichana mwingine aliyekuja kutuambia neno. Tukafurahi kwamba dhambi imekwisha. Kumbe kilichokwisha ni kusema.

Wapendwa, sheria ya nchi yetu ya 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji na wale wanaosukuma wengine katika ukahaba. Ile ya 26 Desemba 2022 inaadhibu biashara ya watu. Ni vizuri. Lakini sheria haina miguu kama aliyeumizwa anaogopa kufungua kinywa. Basi kipimo ni hiki: baada ya kufunga mlango, je, yeye bado anaweza kuja kusema?

Rahabu alipokelewa kwanza, mambo mengine yakafuata. Na Bwana wetu, mbele ya yule mwanamke aliyeletwa kupigwa mawe, aliondoa kwanza wenye mawe, kisha akamwambia aache dhambi. Sisi tuligeuza utaratibu huo.

Naomba baraza letu liwachague wamama wawili wenye siri, wa kuwapokea wasichana kabla ya neno lolote la adhabu. Tuulize jina la mwanaume. Tumsindikize dada hospitalini, na mbele ya sheria akitaka. Na yule dada wa kwaya, tuliyemkosea, twende kwake tuombe msamaha.

Mimi nitakwenda wa kwanza. Amina.

Shemasi wenu