Akishakunywa dozi ya asubuhi

Mitaani husemwa kwamba teja haachi unga mpaka dunia imfunze. Kwa imani hiyo familia nyingi hufunga mlango na kungoja aanguke hadi mwisho, ndipo ajirudi. Siikubali imani hiyo, kwa sababu heroini haimpi kila mtu muda wa kujirudi. Aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, awe mahabusu au amefungiwa chumbani, mwili wake hupoteza ustahimilivu wa zamani. Akirudia kipimo alichokizoea, anaweza kuacha kupumua. Tunaosikia ushuhuda wao ni walioinuka. Waliozikwa hawasimulii.

Tangu 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili inatoa methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, na baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Mtu huinywa mbele ya mhudumu, na dozi moja humkinga na arosto siku nzima, ilhali unga humrudisha kijiweni mara kadhaa kwa siku. Wapo wanaosema huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Ni kweli mwili unaendelea kuitegemea dawa, lakini sindano ya kuchangia na mbio za kusaka hela ya kete hupungua, na saa za mchana zinarudi mikononi mwake. Sasa azifanyie nini? Hapo ndipo tunapomwangusha. Baada ya 1971, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini Vietnam, akakuta ni takriban 5 tu kati ya 100 waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Wao waliiacha Vietnam nyuma. Kijana wetu akitoka kliniki hurudi mtaa uleule, kijiwe kilekile, na jina la teja bado halijamtoka. Ndiyo maana nasema apewe kazi.

Mtu atauliza, na ana haki: vijana wasiowahi kugusa unga hawana kazi, kwa nini huyu apewe? Tena anaweza kuteleza na kuiba. Anaweza, kwa kuwa kurudia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na ndiyo sababu nasema aanze na kidogo, bila kupokonywa mtu nafasi yake. Wewe fundi mwenye karakana, ukimwona amedumu na dozi yake miezi kadhaa, mpe kazi ya nusu siku na umlipe jioni ileile. Usimtake afike alfajiri. Mwache apite kliniki kwanza.