Jina la Aliyesaidiwa

Ukitaka kuijua parishi, usiende siku ya Pasaka. Pasaka kila mtu yupo, hata yule aliyekuja kwa sababu mama mkwe yuko mjini. Nenda Jumapili inayofuata. Mayungiyungi ya madhabahuni yameanza kunyauka kwenye ncha, nusu ya kwaya haipo, sauti ya kasisi imekauka kwa ibada za juma zima, na benchi la watu wanane limekaliwa na wawili. Waumini wa Kanisa la Episkopali la Marekani, ambao ndio Waanglikana wa nchi hiyo, wanaiita Jumapili ya chini. Waliobaki ni wenye kanisa. Hapo ndipo matangazo yanaporefuka, na jarida la parishi linatoka likiwa na habari zote za Pasaka.

Mimi ni mwandishi wa habari, na jarida la parishi nalisoma kama ninavyosoma gazeti: natazama nani ametajwa na nani hakutajwa. Ni ugonjwa wa kazi. Katika parishi ninayosali, kwenye mji wa wastani katikati ya Marekani, jarida la baada ya Pasaka lina mpangilio usiobadilika. Kwanza shukrani kwa waliotoa maua, kila ua kwa kumbukumbu ya marehemu fulani, na majina ya marehemu wote yamechapwa. Halafu waliofua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu, waliooka mikate, waliowafichia watoto mayai kwenye nyasi. Halafu paa linalovuja, ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kupewa uanachama kamili, maana limetajwa kuliko muumini yeyote. Mwisho ni orodha ya wagonjwa wa kuombewa, majina ya kwanza tu, bila ukoo na bila ugonjwa.

Hakuna mahali panapoandikwa nani alisaidiwa.

Si kwamba hawasaidii. Kanuni za Kanisa la Episkopali zinaagiza kwamba Jumapili moja ya kila mwezi, sadaka ya Ushirika Mtakatifu ambayo haijapangiwa kazi nyingine iwekwe kwenye mfuko ulio mikononi mwa kasisi, kwa ajili ya matendo ya huruma. Kasisi anaamua nani apewe. Hesabu za fedha zinakaguliwa kama hesabu nyingine, lakini majina yanabaki kwake. Mtu akikwama kodi ya nyumba, anamwona kasisi ofisini, mlango unafungwa, hundi inaandikwa kwa jina la mwenye nyumba, basi. Hata mzee wa baraza la kanisa hajui. Na wanaotoa nao wana siri yao: ahadi ya mwaka unaiandika kwenye kadi, mweka hazina wa ahadi anaiona, parishi inatangaziwa jumla tu.

Kwa mtu aliyelelewa Muheza, huu ni ulimwengu uliopinduliwa. Kwetu ibada haijaisha mpaka mnada umeisha. Kuku, mkungu wa ndizi, kapu la machungwa vinanadiwa nje ya mlango wa kanisa, na kila mtu anajua nani amenunua kuku kwa bei ya mbuzi. Mchango wa ujenzi unasomwa jina na kiasi. Na mtu akilazwa, anatangazwa jina, wodi, deni la hospitali, na wakati mwingine hata tumbo linavyomsumbua. Nilipokuwa chuoni niliuona utaratibu huo kama fedheha. Maskini anavuliwa nguo mbele ya watu ili tajiri apate mahali pa kutaja elfu hamsini yake! Mathayo sura ya 6 inajulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili: mkono wa kushoto usijue. Kwetu mkono wa kushoto ndio unaoshika kipaza sauti.

Kwa hiyo nilipofika kwenye kanisa hili la milango iliyofungwa na hundi za kimya, niliona wamepatia.

Kisha kuna mama mmoja. Ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje yeye wala mji. Ni Mkongo, Mwanglikana tangu Bukavu, aliyeishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani na wanawe. Zipo familia kadhaa za namna hiyo katika parishi yetu, na kwa sababu ya Kiswahili mimi huitwa kutafsiri. Kwaresima iliyopita alipunguziwa saa za kazi kiwandani, kodi ikamshinda, na barua ya kumtoa nyumbani ikaja. Nilikaa naye ofisini kwa kasisi nikitafsiri. Mambo yalikwenda vizuri kabisa: maswali machache, heshima, maombi mafupi, hundi. Sijawahi kuona msaada uliotolewa kwa adabu zaidi ya ule.

Baada ya Pasaka, siku ile ya benchi tupu, nilikuwa nampeleka nyumbani kwa gari. Jarida lilikuwa mapajani mwake. Aliniomba nimsomee, nikamsomea yote, maua, mikate, paa. Alipoona nimemaliza akasema, "Nyumba walilipa, mwanangu. Mungu awabariki. Lakini hakuna mutu alikuya kuniuliza nimelala namna gani."

Nikamjibu, "Mama, hawajui. Ndiyo siri yenyewe."

"Eeh," akasema. "Hawajui."

Sikuwa na la kuongeza, na hadi leo jibu langu limeniacha na swali. Siri ilimlinda nani? Ilimlinda yeye asinyooshewe kidole, hilo ni kweli na si dogo. Lakini iliwalinda pia watu sabini wengine wasijue kwamba mwanamke anayewapokeza karatasi ya ibada mlangoni alikuwa amebakiza siku tisa nyumbani kwake. Waliimba Aleluya kwa dhamiri safi, na dhamiri yao ilikuwa safi kwa sababu hawakuambiwa. Muheza deni lake lingesomwa mbele ya kanisa, angeona haya hadi kufa, na jioni wangefika akina mama watatu na unga, wakakaa hadi saa tatu usiku wakimsimulia madeni yao wenyewe. Hundi ni ya mtu mmoja. Kusimuliwa madeni ya wengine ni jambo ambalo hakuna kasisi anayeweza kulifanya peke yake akiwa amefunga mlango.

Tuseme basi Muheza ndiyo iliyo sawa? Hapana. Nakumbuka pia waliotangazwa na hakuna aliyekwenda. Hao walipata hasara mara mbili. Na wapo walioacha kuja kanisani kabisa kwa kuogopa kutajwa, hawa hawahesabiki kwa sababu hawakuwepo kuhesabiwa.

Katika majuma haya ya Pasaka hadi Pentekoste, siku 50, somo la kwanza kanisani halitoki Agano la Kale kama kawaida. Linatoka Matendo ya Mitume. Yaani Kanisa linajisomea habari zake la lenyewe, jarida la parishi ya kwanza kabisa. Na ukilisoma kwa jicho la gazeti unaona jambo la ajabu: watoaji wanatajwa, wapokeaji hawatajwi. Barnaba aliuza shamba akaleta fedha miguuni pa mitume, jina lipo, hata asili yake ya Kipro ipo. Anania na mkewe Safira walificha sehemu ya bei, majina yapo. Lakini waliopewa kila mmoja kwa kadiri ya mahitaji yake ni nani? Hatuambiwi hata mmoja. (Mpangilio wa masomo wa miaka mitatu unaotumika makanisani hukata somo la sura ya 4 kabla hata ya kufika kwa Barnaba, na Anania na Safira hawasomwi Jumapili hata moja. Nadhani waliopanga walikuwa wanajua siku ya ahadi za mwaka inavyokuwa.)

Inaonekana kama ni parishi ya Marekani: wapokeaji kimya. Lakini sura ya 6 inakuja na malalamiko. Wajane wa wale wanaosema Kigiriki wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mgao ulikuwepo, nia njema ilikuwepo, na bado wamesahauliwa watu wa lugha nyingine. Mitume hawakuchapisha orodha ya wajane, na hawakusema pia kwamba mambo ya mgao ni siri ya ofisi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuusimamia, na majina ya saba hao yapo yote: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Kitabu kizima kinaficha jina la mjane na kutangaza jina la mwenye ufunguo wa ghala. Kwangu mimi hiyo ni hoja nzito kuliko mahubiri kumi kuhusu ukarimu. Tunabishana kama msaada uwe wa siri au wa hadharani, wakati swali lililoponya mambo Yerusalemu lilikuwa nani anashika hiyo siri, na kama anasikia lugha ya anayeomba.

Nilimweleza kasisi wetu wazo hilo, bila kumtaja mtu. Wakae wawili au watatu pamoja naye kwenye mfuko, na mmoja awe wa familia za Kikongo. Alilipenda. Alisema atalipeleka kwenye baraza.

Mama ndiye aliyekataa.

"Watu wetu?" aliniuliza, kama vile nimemwambia tukaoge sokoni. "Hao ndio watanisema. Padri huyu muzungu hajui dada yangu, hajui shemeji yangu. Anasahau." Kwake, faida kubwa ya kasisi ni kwamba ni mgeni kwake. Hoja yangu yote ya Stefano na Prokoro ilianguka palepale kwenye kiti cha mbele cha gari, na nimejaribu kuiinua tangu siku hiyo bila mafanikio kamili. Ni kweli kwamba mtu wa lugha yako anaelewa unachoomba. Ni kweli pia kwamba anaweza kukipeleka mbali zaidi.

Ila nimeona kwamba mama huyuhuyu, anayeogopa kujulikana na Wakongo wenzake, kila mwezi anakaa nao kwenye likelemba, ule mchezo wa fedha ambao sisi Tanzania tunauita upatu. Huko kila mtu anajua nani anapokea, lini, na kiasi gani, na hakuna anayeona haya. Mbona? Kwa sababu jina lake liko kwenye daftari la watoaji kabla halijafika kwenye zamu ya kupokea.

Wala wazo hilo si geni katika kanisa hili. Mwaka 1787, huko Philadelphia, Absalom Jones na Richard Allen, wote wawili wakiwa watu waliozaliwa utumwani, walianzisha Free African Society. Wanachama walitoa shilingi moja ya fedha kila mwezi, na mwanachama aliyechangia mwaka mzima alipofikwa na shida alipewa shilingi tatu na peni tisa kwa juma. Wajane wao walitunzwa. Kutokana na chama hicho likatoka kanisa la St. Thomas, mwaka 1794, parishi ya kwanza ya watu weusi katika Kanisa la Episkopali, na Jones akawa kasisi wa kwanza mweusi wa kanisa hilo. Wakati huohuo, katika makanisa mengi ya dhehebu hilo, viti vilikuwa vinakodishwa na mwenye fedha alikaa mbele. Waliokuwa na haki ya kuomba zaidi kuliko wote hawakuomba. Waliwekeana. Ninachokitilia shaka katika kanuni zao ni kifungu kimoja, kwamba msaada utolewe mradi shida haikuletwa na uzembe wa mtu mwenyewe. Nani aliupima huo uzembe? Hata upatu una mama mwenye kalamu.

Na upatu haumbebi asiye na cha kutoa. Mwezi ule wa Kwaresima mama hakuwa na mchango, zamu yake ilirukwa, ndipo akaja kwa kasisi. Kwa hiyo siwezi kusema hundi ya kimya ifutwe. Ninachokidai ni kidogo: jarida liseme kwamba mfuko upo, na kwamba mwaka huu umelipia kodi za watu wanaokaa kwenye mabenchi haya. Wasitajwe. Lakini anayesoma kuhusu paa ajue kwamba jirani yake wa kulia au wa kushoto huenda ndiye. Asiyejua ni yupi atalazimika kuwauliza wote wamelalaje. Baraza linasema litafikiria, na mjumbe mmoja ameuliza kama hilo halitapunguza utulivu wa ibada. Natumaini litaupunguza.

Jarida la Pentekoste linaandaliwa sasa. Katibu alinipigia kuuliza kama familia za Kikongo zina tangazo, nami nikampigia mama. Alinikumbusha kwanza kwamba habari ya kodi isiguswe, hata kwa mafumbo. Nikamwambia haitaguswa. Kisha akasema siku hiyo, kwenye chakula cha baada ya ibada, atapika sombe, kisamvu chetu, sufuria mbili kubwa, na hilo liandikwe. Nikamuuliza liandikwe vipi, familia za Kikongo?

"Hapana," akasema. "Jina langu. Yote mawili, na la baba."