JE, HUKUMU YA BARAZA YAWEZA KUMSAFISHA MTU?

Katika mitaa ya Kampemba, kama katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Lubumbashi, neno moja husikika mara nyingi vinywani mwa watu waliotoka katika mashauri: "Tribinali imekwisha kusema." Mwenye kulitamka neno hilo ataka kuufunga mlango. Asiulizwe tena na jirani, asiulizwe na ndugu, wala asijiulize mwenyewe. Basi yafaa swali hilo liulizwe kwa utaratibu: je, baraza likimwambia mtu ya kwamba hana hatia, ndiyo kusema hana hatia kweli? Na likimpa mali, je, mali ile imekuwa yake?

Chukueni mfano wa lupango. Mtu mmoja amefariki, ameacha mke na watoto wanne katika lupango alioununua kwa mshahara wa miaka mingi. Siku ya kilio nyumba imejaa watu. Ndugu ya marehemu aingia chumbani, afungua sanduku, atoa karatasi ya kununulia yenye jina la marehemu, aificha chini ya koti. Baada ya miezi sita aenda kushitaki. Aleta mashahidi wawili, nao waapa ya kwamba fedha ya kununulia ilikuwa yake, na marehemu alikaa pale kama mlinzi tu. Mjane hana karatasi. Ana machozi, na machozi hayaandikwi katika kitabu cha mashauri. Hakimu asikiliza, kisha atoa hukumu: lupango ni wa ndugu. Mjane aondoka na vyungu vyake na magodoro mawili. Mwaka ufuatao yule ndugu aandikishwa katika darasa la wakatekumeni. Aulizwapo habari ya lupango, ajibu kwa utulivu: "Sikuiba. Nilipewa na sheria."

Je, ni kweli alipewa na sheria? Tazameni vizuri. Sheria ya jamaa ya nchi ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yasema ya kwamba watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na fungu lao ni sehemu tatu katika nne za urithi. Mjane naye ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Kwa hiyo sheria haikumpa ndugu yule lupango. Kilichompa ni hukumu, na hukumu ile ilijengwa juu ya uwongo. Watu wengi huchanganya mambo hayo, wakidhani ya kwamba sheria, hukumu na haki ni majina matatu ya kitu kimoja. Sivyo. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Sheria ni njia ambayo watu wameikata ili waifikie haki. Hukumu ni hatua ya mtu mmoja, hakimu, katika njia ile. Naye aweza kujikwaa, hata njia ikiwa nyofu.

Labda mtu atauliza: Je, hakimu yule ametenda dhambi? Swali hili ni la zamani. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alilifikiri katika kitabu chake kikubwa cha mafundisho. Alifundisha ya kwamba hakimu hahukumu kama mtu wa faragha, bali kama mtu wa wote. Kwa hiyo yampasa kufuata mambo yaliyothibitishwa mbele yake, wala si mambo anayoyajua peke yake. Akijua kwa siri ya kwamba mashahidi wanasema uwongo, na awaulize kwa ukali zaidi, awachunguze mpaka uwongo uonekane. Lakini asipoweza kuwashinda, hana ruhusa kuyatupa maneno yao kwa sababu tu moyo wake wasema vingine.

Mafundisho hayo huwaudhi watu wengi wayasikiapo mara ya kwanza. Nini? Hakimu ajua kweli, naye atoa hukumu ya uwongo? Lakini fikirini upande wa pili. Siku hakimu atakaporuhusiwa kusema, "Nimehukumu hivi kwa sababu ninajua mimi," ni nani atakayemchunguza? Hakimu mwema atasema hivyo, na hakimu aliyekula rushwa atasema vilevile, na hapana mtu atakayeweza kuwatenganisha. Ndiyo sababu ushuhuda hutolewa mbele ya watu, na hukumu huandikwa pamoja na sababu zake. Kumbe basi uzito wote wa shauri la lupango haumwangukii hakimu aliyehukumu kwa moyo safi. Wawaangukia mashahidi wawili walioapa, na zaidi wamwangukia yule aliyeificha karatasi.

Kuna shauri moja kubwa la Katanga linaloonyesha umbali uliopo kati ya hukumu na haki, nalo halikuwa la lupango bali la damu. Kilwa ni mji mdogo kando ya ziwa Mweru. Ng'ambo yake ni Zambia. Mwezi wa Oktoba 2004 waasi wachache waliingia Kilwa usiku wakautwaa mji. Tarehe 15 Oktoba askari wa serikali walifika kuukomboa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza baadaye ya kwamba watu zaidi ya 70 waliuawa, na wengine waliuawa wakiwa wamekwisha kukamatwa. Karibu na Kilwa kulikuwa na mgodi wa shaba wa Dikulushi, mali ya kampuni ya Anvil Mining, na magari ya kampuni ile yalitumiwa na askari. Kampuni ilijibu ya kwamba magari yalichukuliwa kwa amri ya serikali, wala haikuwa na njia ya kukataa. (Neno hilo la "sikuwa na njia" lastahili kufikiriwa peke yake siku nyingine, kwa maana kila mtu analo mfukoni.)

Shauri lilisikilizwa na mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi tangu Desemba 2006. Walioshitakiwa walikuwa askari tisa na watu watatu waliokuwa wafanyakazi wa kampuni. Tarehe 28 Juni 2007 hukumu ilitoka: kwa mambo ya Kilwa, hapana aliyeonekana na hatia, waliokufa walihesabiwa kuwa walikufa katika mapigano. Kanali aliyewaongoza askari alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini kwa mauaji mengine. Jamaa za wafu walienda mbali. Walibisha hodi Kanada. Mwaka 2011 hakimu wa Quebec alikubali shauri liendelee; Januari 2012 mahakama ya rufani ya Quebec ikaligeuza neno hilo; na Novemba 2012 mahakama ya juu kabisa ya Kanada ikakataa kulisikiliza. Angalieni: mahakama hizo za mbali hazikusema ya kwamba watu wa Kilwa hawakudhulumiwa. Zilikuwa zikiuliza kama huo ulikuwa mlango wa kubisha. Mtu aweza kushindwa mlangoni kabla ya kusema hata neno moja juu ya mtoto wake aliyekufa.

Hatimaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Banjul katika Gambia, ililipokea shauri. Uamuzi wake, uliojulikana kwa watu mwaka 2017, ulisema ya kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za watu wa Kilwa. Ilitakiwa kuwalipa walioshitaki, jumla yapata dola za Marekani milioni 2 na nusu, kuomba radhi, na kufukua makaburi ya pamoja ili wafu wazikwe kwa heshima.

Basi, tangu 2007 mpaka 2017, je, haki ilikuwa imekufa? Hapana. Kama haki ingalikuwa kitu kinachotengenezwa na hukumu, watu wa Kilwa wasingalikuwa na neno la kusema baada ya tarehe 28 Juni 2007. Wangaliweza kusema wameshindwa, lakini wasingaliweza kusema wamedhulumiwa. Walisema wamedhulumiwa, na kila aliyewasikia alifahamu maana yake. Mtu anayesema, "Hukumu hii si ya haki," akiri kwa neno lile lile ya kwamba haki ilikuwako kabla ya hakimu kuketi, na hakimu naye hupimwa kwayo. Hata mtoto wa shule hujua hivyo, aonapo mwalimu amempiga mwenziwe asiyekosa.

Tena hutokea hakimu hajikwai, bali njia yenyewe ni mbaya. Sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, hali mvulana alingojea miaka 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2016 ikasema sehemu hizo hazipatani na katiba; serikali ilikata rufani ikashindwa Oktoba 2019. Huko Uganda, Susan Kigula na wafungwa wenziwe zaidi ya 400 walipinga sheria iliyomlazimisha hakimu kumwua kila mwenye kosa fulani, bila kupima hali yake. Januari 2009 mahakama ya juu ilisema sheria haiwezi kumfunga hakimu mikono namna ile. Kabla ya siku hizo, baba aliyemwoza binti wa miaka 15 alikuwa ameruhusiwa na sheria. Je, alikuwa ametenda haki? Karatasi ya ruhusa ni kitu kimoja, na binti aliyeachishwa shule ni kitu kingine.

Lakini jihadharini na hatari iliyo upande wa pili. Kwa kuwa mahakimu hukosa, wengine husema: basi hukumu si kitu, kila mtu na ajihukumie mwenyewe. Huo ndio mwanzo wa kuwachoma moto wezi barabarani, na wazee wanaosingiziwa uchawi. Watu wa Kilwa hawakufanya hivyo. Walitafuta mlango baada ya mlango, muda wa miaka kumi na zaidi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yampa aliyeshindwa njia ya kukata rufani, na njia hiyo yenyewe ni ungamo la sheria ya kwamba mahakimu ni watu. Hukumu yaheshimiwa ili watu wasiuane. Lakini kuiheshimu si kusema ya kwamba imegeuza uwongo kuwa kweli.

Na yule ndugu wa lupango? Yeye hana haja ya rufani, kwa sababu alishinda. Hapana hakimu atakayemwita tena. Mashahidi wake wamelipwa, nao wamenyamaza. Mjane amepanga chumba kimoja na watoto wanne, naye hajui karatasi iliko. Duniani yuko mtu mmoja tu aijuaye kweli yote, na mtu huyo ndiye aliyeandikishwa darasani. Hakimu alihukumu kwa aliyoyasikia. Yeye alisikia vilevile, lakini pia aliona, kwa maana mkono uliofungua sanduku ulikuwa wake. Akiuliza ni nani awezaye kumlazimisha kurudisha, jibu ni kwamba hapana. Akiuliza kama anadaiwa, na aende jioni moja mpaka mlango wa mjane, karatasi ikiwa mkononi, aone kama ataweza kumwambia ya kwamba lupango ni wake.