Paka Mkongwe na Deni la Aliyemwokota

Wahenga walinena kuwa paka wa nyumba haingwa. Aghalabu methali hii hutajwa kwa ajili ya binadamu, kwamba jamaa wa ndani hafukuzwi hata akikosa. Lakini ichukuliwapo kama ilivyo, juu ya paka mwenyewe, huzua swali zito kuliko linavyodhaniwa. Paka asiyefukuzwa ni yule aliyezaliwa nyumbani, akakamata panya na kulinda ghala. Je, yule aliyeokotwa uzeeni, mbavu zake zikihesabika na meno yakiwa yameng'oka, ambaye hajapata kulinda chochote cha nyumba hiyo, ana haki gani juu ya sahani ya watu?

Swali hili lina makazi yake mahali kama Kibara, katika Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, kwenye barabara iendayo Kisorya ambako ng'ambo ya maji ni Ukerewe. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa zake kuwavuta dagaa. Kukicha dagaa huanikwa juani. Na penye dagaa hapakosi paka. Akiwa kijana hujitegemea: huiba kidogo, huwinda kidogo, hufukuzwa na kurudi. Lakini wavuvi ni watu wa kuhama. Samaki wakipungua upande mmoja, nyavu hupakiwa, kambi ikavunjwa, na paka akaachwa nyuma. Mwenye nguvu hupata riziki yake kwingine. Mkongwe hubaki akiwatazama kunguru wakimtangulia. Mtu akimhurumia, akamwokota na kumtia ndani, ndipo hesabu ya maadili inapoanza.

Wa kwanza kusimama dhidi ya paka huyu ni mwenye hoja ya kazi. Atasema kwamba asiyezalisha hana fungu. Hoja hiyo si ngeni katika mkoa uliomzaa Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922. Katika insha yake ya Ujamaa ya mwaka 1962 aliitaja methali ya mgeni anayekirimiwa siku mbili na kupewa jembe siku ya tatu. Kwa kipimo hicho paka mkongwe ni mnyonyaji mwenye mkia. Hata hivyo, Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosisitiza kazi kuliko maandiko mengi ya wakati wake, liliwaweka kando watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema, likakiri kuwa hao wana haki ya kuwategemea wenzao. Azimio halikuwa likizungumzia paka, na kumlinganisha mnyama na mzee wa mtu kungekuwa utovu wa adabu. Linaloazimwa hapa ni mantiki yake tu: kushindwa si uvivu, na jembe hapewi asiyeweza kulishika.

Wa pili ni mwenye hoja ya njaa. Huyu anastahili kusikilizwa zaidi. Nyumba ambayo dagaa ndiyo kitoweo na ndiyo ada ya shule, yawezaje kumgawia mnyama? Jibu la haki ni kwamba mtoto hutangulia, na huruma inayompita mtoto ili imfikie paka imepotea njia. Lakini mara nyingi ushindani huo huwa wa maneno kuliko wa sahani. Paka wa kilo tatu hali fungu la mtoto. Nyama kidogo iliyobaki kwenye mapanki ya sangara, ikichemshwa na kutolewa miiba, humtosha kwa mlo. Anachokidai zaidi ni muda na subira, navyo haviuzwi mwaloni.

Basi deni lenyewe latoka wapi? Mwaka 2004 watafiti walitangaza kuwa kisiwani Saiprasi limepatikana kaburi lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, ambamo paka alizikwa kando ya binadamu. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo alivushwa baharini na watu. Ujirani huu, basi, ni wa kale, na binadamu ndiye aliyempakia mwenziwe chomboni. Lakini ukale peke yake haufungi mtu. Kinachofunga zaidi kimo katika hadithi ya Mtume Muhammad (s.a.w.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wasomaji wa pwani wanaijua tangu chuoni. Aghalabu hukumbukwa nusu yake tu, kwamba hakumlisha. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito: alimfungia, wala hakumwacha ajitafutie. Kosa lilikuwa katika kuyakutanisha mawili, kuufunga mlango na kuinyima sahani.

Kwa mizani hiyo, anayemwokota paka mkongwe huwa amefunga mlango, japo kwa nia njema. Amemwondoa mwaloni, ambako huenda angeokota hiki na kile, akamweka mahali pasipo na riziki ila itokayo mkononi mwake. Uzee nao umeifunga milango mingine: macho, meno, mbio. Kwa hiyo kuokota si kilele cha wema, bali ni mwanzo wa deni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inazungumza na mwenye mnyama. Maadili huuliza swali lililotangulia, yaani ni lini mtu amekuwa mwenye mnyama. Amekuwa siku alipofunga mlango.

Deni hili lina namna yake ya kulipwa, na hapa ndipo wengi hukosea. Aliyesikitika humwaga chungu kizima cha ugali na maziwa, akamwona mnyama akila kwa pupa, akalala na moyo mweupe. Kukicha paka anahara. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ugali humjaza bila kumjenga, na paka wengi wazima hawawezi kuyasaga maziwa. Tumbo lililokaa na njaa ndefu halistahimili karamu, na mwili uliodhoofu sana huweza kudhurika kwa kushibishwa ghafla. Hufaa kuanza na kidogo, mara nne hata sita kwa siku, na kuongeza kadiri siku zinavyokwenda. Dagaa waliokauka hukung'utwa mchanga, wakaloweshwa na kuchemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwa maana kitunguu ni sumu kwa paka. Mkongwe hunusa kwa shida, na chakula chenye uvuguvugu humwamsha hamu. Samaki wabichi wasiwe mlo wa kila siku, kwani baadhi yao huharibu vitamini ambayo mwili wa paka unaihitaji. Na akikataa kabisa kula kwa siku mbili au tatu, hilo si deko, ni hatari kwa ini lake.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kisiwe na tundu. Paka mzee hukonda kwa sababu nyingi: meno yaliyooza, minyoo, figo zilizochoka, kisukari, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi hata mnyama akala sana na bado akakonda. Sahani peke yake haizibi matundu hayo. Ni juu ya aliyemwokota kumfikisha kwa daktari wa mifugo, ingawa huyo siku zake nyingi ni za ng'ombe na mbuzi, wala asimpe vidonge vya watu, kwani paracetamol humuua paka. Na ampime kwa mizani kila wiki, maana jicho la mwenye huruma huona unono anaoutamani.

Linabaki jambo gumu kuliko yote. Huenda paka asinenepe. Figo zilizokwisha hazirudi, na mbavu zikaendelea kuhesabika. Hapo ndipo hujulikana kama aliyetoa alikuwa akilipa deni au akinunua furaha ya kuona kazi yake. Mnunuzi hukata tamaa bidhaa isipofika. Mlipaji huendelea, isipokuwa hubadili anachokipima: si gramu tena, bali kama mnyama amelala bila maumivu, kama maji yako karibu, kama leo ameinua kichwa aliposikia kisosi kikiwekwa.

Hakuna jirani wa Kibara atakayemsifu mtu kwa hilo, na paka mwenyewe hana shukrani ya maneno. Wema uliotolewa kwa asiyeweza kulipa wala kusifu ndio ambao haujachanganyika na biashara. Mwenye kuuzoea kwa kiumbe mdogo kama huyu, siku atakapoletewa mzee wa mtu asiyeweza tena kushika jembe, hatakuwa na haja ya kuuliza amekuja kufanya kazi gani.