Kijana Wetu Aliye Chuoni



Kijana wetu yuko chuoni akijifunza uafisa wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa mwaka 1964. Baadhi yetu husema kumwombea kwatosha. Natusome Matendo 27. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kwamba watu wote 276 wataokoka. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alimwonya akida kuwa bila hao hapana wokovu. (Ahadi ilikuwapo, lakini merikebu ilihitaji wenye kuijua kazi.) Tumwombee, naam, tena tumwandikie barua. Mama yake amekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli yake ya likizo. Asiuze wa pili nasi tukimtazama tu.