Ukingo wa Dari, Kizuizi cha Reli

Namuwongo, Kampala, nyanya na mkaa huuzwa hatua chache kutoka kwenye reli iliyofika jijini mwaka 1931. Honi ikilia watu husogea, treni ya mizigo hupita, biashara ikaendelea.

Mtu akigongwa, msibani husemwa ni mpango wa Mungu. Kwa mfiwa hiyo ni faraja ya kweli, wala haifai kubezwa. Je, inamwondolea lawama aliyeacha kivuko bila kizuizi?

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Agizo hilo halimuulizi aliyeanguka kwa nini hakuangalia, linamfuata mjenzi. Waislamu nao wana hadithi iliyopokewa na Tirmidhi: ngamia afungwe kwanza, ndipo mwenyewe amtegemee Mungu.

Sheria za reli zilizorithiwa kwa Waingereza humtazama kwanza mtembea kwa miguu, kama mvamizi. Zingefaa zianze na mjenzi. Treni yenye shehena huhitaji mamia ya mita kusimama, na mtoto aendaye shule hana habari ya hesabu hiyo. Shirika la Reli la Uganda libebeshwe wajibu wa mlinzi na kizuizi kila barabara inapokata reli, kabla mpita njia yeyote hajatozwa faini.