Kipimo ni Amana

Je, aliyeweka kipimo ambacho wengine wamekitegemea kujengea maisha yao ana haki ya kukibadili apendavyo? Swali hili huachiwa mafundi, ilhali ni swali la uadilifu. Katika Wilaya ya Uyui, ambayo makao makuu yake yako Isikizya mkoani Tabora, limechorwa ardhini. Vituo vya Goweko na Igalula vimo kwenye reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000. Reli mpya ya SGR, inayojengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, ina nafasi ya milimita 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kutembea hatua moja kwenye njia ya pili. Ninashikilia kwamba kipimo ni amana: aliyekiweka anaweza kukibadili, ila kukibadili hakumfutii deni lake kwa waliokiamini.

Dini zetu zimelitazama jambo la vipimo kwa ukali ambao tumezoea kuupita haraka. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja, na Nabii Shuaib aliwakabili watu wa Madyan kwa kosa hilohilo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, linakataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani, moja zito na moja jepesi, ndani ya mfuko mmoja. Kwa nini dhambi hii ikatengwa na wizi wa kawaida? Mwizi humdhuru mtu mmoja, lakini anayechezea mizani huharibu kitu kinachowawezesha watu wasiofahamiana kuaminiana. Mnunuzi hana muda wala uwezo wa kulichunguza kila jiwe; hulipokea kwa imani. Mtu atasema kwamba maonyo haya yanahusu udanganyifu wa siku moja sokoni, wala si mabadiliko yanayofanywa wazi baada ya miaka mingi. Ni kweli kwamba anayebadili wazi si mdanganyifu. Hata hivyo, sababu ya katazo inabaki palepale. Imani iliyowekwa kwenye kipimo leo ndiyo inayomfanya mtu anunue, ajenge na asomee kazi kwa ajili ya kesho, na imani hiyo huvunjika kesho kama ambavyo ingevunjika leo.

Historia ya njia ya misafara inaonyesha nani hasa huumia kipimo kikikosewa. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora, kila bidhaa ilifungwa kulingana na bega la mpagazi, kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwaka 1874 mpelelezi Henry Morton Stanley alileta Unguja boti iliyoundwa Uingereza, Lady Alice, iliyogawanywa vipande ili ibebwe nchi kavu. Vipande vilipopimwa, vingi vilizidi kilo 120, ikabidi vikatwe upya kabla ya safari. Muundaji aliijua bahari na mto, lakini hakulijua bega. Tabia hiyo haijakoma. Katika mchezo wa kuteleza majini kwa ubao wenye tanga, milingoti miwili inaweza kuwa na urefu uleule wa sentimita 460 na ugumu uleule, na bado mmoja ukapinda zaidi juu na mwingine zaidi chini. Tanga lililoshonwa kwa mpindo mmoja hukosa umbo likivalishwa mlingoti wa mpindo mwingine. Kampuni inapobadili mpindo wake, mwenye mlingoti mzima, usio na ufa wala kasoro, hujikuta na kifaa ambacho kinazidi kukosa tanga la kukifaa. Hakuna aliyemwibia, lakini amepoteza, na hasara yake imetokana na uamuzi wa mtu mwingine.

Kwenye reli, uamuzi wa namna hiyo huunganisha au hutenga mataifa. Reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, nayo ilikuwa ya milimita 1,000. Kwa sababu hiyo mwaka 1948 mifumo ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliweza kuwekwa chini ya shirika moja, na mwaka 1963 reli ya kati ikaunganishwa na ile ya Tanga. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilichukua milimita 1,067 ili ilingane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja, lakini pale Kidatu, njia hizi mbili zinapokutana, shehena hulazimika kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. TAZARA haikukosea kuchagua Zambia. Ukombozi wa kusini mwa Afrika uliidai. Bali inatufundisha kwamba kuwa mwaminifu kwa jirani mmoja kunaweza kumtenga jirani mwingine, na gharama ya utengano huo lazima ibebwe na mtu.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kipimo cha milimita 1,000 kililetwa na wakoloni. Hakuna aliyewauliza watu wa Unyamwezi, na reli ile iliwanyang'anya wapagazi kazi waliyoimiliki kwa vizazi. Kwa nini tuwe waaminifu kwa kipimo cha waliotutawala? Jibu ni kwamba deni ninalolizungumza halijawahi kuwa la Wajerumani. Ni deni kwa mkulima anayetegemea stesheni iliyo karibu, kwa fundi aliyesomea magurudumu ya njia hii katika chuo cha reli cha Tabora, kwa mji uliokua ukikifuata kituo. Ubaya wa aliyeanzisha hauwezi kuhesabiwa juu ya waliojenga maisha kwenye kile walichokikuta. Zaidi ya hayo, yaliyowapata wapagazi yanaithibitisha hoja: mabadiliko yale yalikuwa dhuluma hasa kwa sababu aliyeyaleta hakujiona ana deni lolote kwao.

Wengine watasema kwamba hakuna aliyeahidi. Serikali haikutia saini na mwananchi wa Goweko kwamba treni itapita daima. Lakini ahadi hufungwa pia kwa vitendo. Anayejenga stesheni, akauza tiketi na kupokea mizigo mwaka baada ya mwaka, amewaalika watu waitegemee, na aliyealika hawezi kusema kwamba wageni walijileta. Ahadi ni deni, hata ile iliyotolewa bila kutamkwa.

Linabaki pingamizi la maendeleo. SGR imesanifiwa kwa treni za abiria za kilomita 160 kwa saa na kwa uzito ambao njia ya zamani haiubebi. Kuing'ang'ania milimita 1,000 kungekuwa kuwadhulumu watakaozaliwa. Nakubali kabisa. Kukaa na kipimo kibovu kwa heshima ya wazee ni namna nyingine ya kuwasaliti watoto. Ila haki ya kubadili haiji peke yake. Huko Uingereza, Great Western Railway ilipokuwa ikiiacha njia yake pana, iliweka chuma cha tatu sehemu nyingi ili treni za vipimo viwili zipite pamoja, na njia pana ya mwisho haikuondolewa hadi Mei 1892. Tanzania nayo ina mfano wake: mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa kuikarabati reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, na kazi hiyo iliendelea hata baada ya ujenzi wa SGR kuanza mwaka 2017. Huko ni kulipa deni.

Kwa hiyo anayebadili kipimo anadaiwa mambo matatu: kusema mapema na kwa ukweli nini hakitaingiliana na nini, kuendelea kutoa vipuri na huduma ya cha zamani hadi wanaokitegemea wapate njia, na kuibeba yeye mwenyewe sehemu ya gharama ya kuvuka. Haya yanamhusu mwenye kiwanda cha milingoti kama yanavyoihusu serikali. Kwa Uyui, ubora wa reli mpya utapimwa kwa kasi yake, na ni haki upimwe hivyo. Lakini uadilifu wa waliojenga utapimwa Goweko na Igalula, kwa yule ambaye gunia lake bado linangoja behewa la zamani.